Matofali Nyuma ya Jiko

Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Rebecca aliliona hilo kabla ya kuona jambo lingine lolote: shuka limenyooshwa hadi pembeni, mto umewekwa katikati, na kandambili hazipo mahali pake. Mlango wa mbele alikuwa ameukuta wazi, kama kila asubuhi mama alipongojea uji. Alisimama mlangoni mwa chumba cha mama yake, sufuria ya uji mkononi, akasikiliza. Nyumba anayoishi mtu mzee haiwi kimya kabisa. Kuna kikohozi, kuna kijiko, kuna redio ya sauti ya chini, kuna mtu anayezigombeza sufuria zake mwenyewe. Asubuhi ile hapakuwa na lolote.

“Mama?”

Alikwenda chooni, akipita juu ya njia mpya ya simenti, mkono wake ukiteleza kwenye bomba la chuma ambalo kaka yake alilifunga ukutani ili mama apate kujishikilia. Choo kilikuwa wazi na kitupu. Akazunguka jiko, ile nyumba ndogo ya kupikia iliyojitenga uani. Huko nyuma, kwenye ukanda mwembamba wa ardhi kati ya jiko na ukuta wa kiwanja, alimkuta Mama Léontine amekaa chini, mguu mmoja ameunyoosha, kitenge chake kimelowa umande. Macho yalikuwa wazi. Alimtazama binti yake kama mtu anavyomtazama mgeni aliyefika mapema kuliko alivyotarajiwa.

“Mama! Unafanya nini hapa?”

“Niko nakaa.”

“Ulianguka?”

“Kidogo.”

“Na juu ya nini hukuita? Mama Monique iko hapa tu, ngambo ya ukuta. Hata ungekohoa angesikia!”

Mama Léontine alinyoosha mkono ili ainuliwe, na Rebecca akaona kiganja kimechanika, damu imekauka kwenye mistari yake.

“Lete nguvu,” mama akasema. “Uji itapoa.”

Haikuwa mara ya kwanza. Tangu nyumba ilipotengenezwa, Mama Léontine alikuwa akianguka, na kila mara alianguka palepale. Hilo ndilo lililomsumbua Rebecca zaidi ya kifundo cha mguu kilichokuwa kimevimba. Nyuma ya jiko hapakuwa na kitu. Hapakuwa na bomba la maji, wala kamba ya kuanikia nguo, wala kuku. Mwanamke anayetembea kwa fimbo, ambaye goti lake linamfanya apumzike katikati ya sebule, alikuwa anatafuta nini huko?

Watu wa Nyakasanza, mtaa wake mjini Bunia, walimjua Mama Léontine kwa sababu ya maharage. Alizaliwa kwenye vilima vya Djugu, akalima huko maharage, vitunguu na viazi, na hata alipokuja mjini bila jembe aliendelea kujulikana kama mtu wa mbegu. Mtu alimletea maharage kwenye bakuli; yeye aliyapitisha vidoleni, akayanusa, akasema haya yatapikwa, haya yatapandwa, haya mpe bata. Sokoni alikuwa na pembe yake. Wanunuzi wake walimtania kwamba angeweza kumtambua hata bwana harusi mbaya kwa kumnusa.

Mume wake, Antoine, alikuwa katekista, mtu mwembamba wa maneno machache. Walikimbia vita pamoja, wakakaa kwanza katika kambi ya waliohama, chini ya turubai, kisha wakapata kiwanja hiki. Antoine alifyatua matofali ya udongo mwenyewe. Aliijenga nyumba kwa ramani iliyowachekesha mafundi wote wa mtaa: chumba cha kulala kilikuwa na mlango wake wa nje, upande wa nyuma, unaoelekea uani kwa Monique. Siku zile kati ya viwanja viwili palikuwa na ua wa matete tu, tena wenye pengo.

“Chumba ya kulala na mulango ya inje, kama duka,” watu walisema. “Katekista, utauza nini usiku?”

Antoine alicheka nao, na hakuubadilisha mlango. Alifariki kwa ugonjwa wa kifua. Mama Léontine akabaki na nyumba, mbegu zake, na Alhamisi zake. Kila Alhamisi wanawake wa kijiji chake cha zamani, wale waliotawanyika Bunia nzima, walikuja kukaa sebuleni kwake. Walisali, wakanywa chai, wakasengenyana katika lugha yao, wakawaita watu waliokufa kwa majina yao ya utani. Ukipita barabarani ungesikia kicheko kinachotoka mle, ungedhani ni wasichana.

Mwanawe wa kwanza, Delphin, alikuwa na lori. Alifanya biashara kati ya Bunia na Mahagi, alimwoa Jemima huko Mahagi, na nyumba yake ilikuwa huko. Alimpenda mama yake kwa tani. Hakuja na maneno mazuri wala hakukaa kumsikiliza. Alikuja na magunia. Siku aliposikia kwamba mama ameteleza kwenye matope akienda chooni, na kwamba wiki hiyohiyo wezi wameingia nyumba tatu za mtaani, alipakia simenti, nondo na fundi aliyeitwa Bruno, akaja navyo vyote pamoja.

Walifanya kazi nzuri. Njia ya chooni ilisawazishwa na kupigwa simenti yenye mikwaruzo ili isiteleze. Bomba la kujishikilia likafungwa. Chooni pakajengwa kiti, ili mama asichuchumae. Kizingiti cha sebule, penye mlango wa kwenda uani, kikaondolewa. Halafu, kwa simenti hiyohiyo na kwa moyo huohuo, Delphin akaugeukia usalama wa aina nyingine. Ua wa matete uling'olewa, ukajengwa ukuta wa matofali wenye vipande vya chupa juu yake. Madirisha yakawekewa antivole, zile nondo za kuzuia wezi. Mlango wa mbele ukawa wa chuma, wenye kadena, kufuli kubwa kama ngumi ya mtoto, inayofungwa kwa ndani. Ule mlango wa Antoine ukazibwa kwa matofali, ukapigwa lipu na kupakwa rangi ya bluu, hata usingejua kwamba hapo palikuwa na mlango.

Majirani walikuja kuangalia. Walilitikisa bomba, wakaipima kadena mkononi.

“Sasa mama yetu iko salama,” walisema.

Mama Léontine aliwapa soda. Alisema asante kwa Delphin, akamshika kichwa na kumbariki, maana alikuwa mama aliyejua gharama ya gunia la simenti. Mwezi haukuisha, akaanguka mara ya kwanza nyuma ya jiko.

Kisha kulikuwa na habari ya matofali. Bruno alikuwa ameacha rundo la matofali yaliyobaki karibu na choo. Siku moja Rebecca aliyakuta mengine yamepangwa nyuma ya jiko, chini ya ukuta, kama ngazi fupi. Alidhani ni mchezo wa watoto wa jirani. Akayarudisha. Baada ya siku chache yalikuwa yamepangwa tena, na juu ya ukuta, penye vipande vya chupa, palilala gunia kuukuu lililokunjwa. Akafikiri upepo umelitupa hapo. Akayatawanya matofali. Yakarudi.

Alimuuliza Monique. Monique, mjane mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alikuwa na maelezo tayari.

“Mwizi,” alisema. “Anajitayarishia.”

“Mwizi atapanga matofali ndani ya kiwanja? Amekwisha kuingia, anatafuta nini tena?”

“Njia ya kutokea. Weye unafikiri wezi hawana akili?” Akawaza kidogo. “Ao ni Antoine. Hakupenda ile ukuta.”

Rebecca alicheka, lakini jina la baba yake lilimkaa kichwani njia nzima.

Baada ya asubuhi ile ya kitanda kilichotandikwa, alimpigia Delphin simu. Alimweleza juu ya kifundo, kiganja na matofali. Upande wa pili palikuwa na ngurumo ya lori, kisha ikazimwa.

“Yaya, sikuelewa,” Rebecca alimwambia kaka yake. “Hakuna kitu pale.”

“Mi naelewa,” Delphin alijibu polepole. “Kichwa ya mama inaanza kuchanganyika. Babu ya Jemima alianza vile vile, anatembea-tembea, anapanga vitu. Nitakuja. Nitamuchukua, akae kwetu Mahagi. Huku kuko watu siku nzima, Jemima atamuangalia.”

“Atasema na nani Mahagi? Hajui lugha ya huko. Na wamama yake ya Alhamisi?”

“Rebecca, unataka Alhamisi ao unataka mama?”

Alipomweleza mama maneno hayo, Mama Léontine alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Vidole vilisimama.

“Mahagi,” alisema.

“Ukianguka tena, Mama. Njo alisema vile.”

“Basi siangukake tena.”

Akaendelea kuchambua. Lakini Rebecca aliona kwamba mbegu nzuri na mbaya zilikuwa zinaanguka upande mmoja, kitu ambacho hakuwahi kukiona maishani mwake.

Siku ya tatu, jioni, Rebecca alimuaga mama yake, akasikia kadena ikifungwa nyuma yake, kisha badala ya kwenda kwake akazunguka mtaa na kuingia kwa Monique. Alikuwa mwalimu, alijua kwamba kuna maswali ambayo mtu hayajibu ukimsimamia usoni. Alivuta kigoda, akakaa chini ya ukuta upande ule. Monique alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, akaacha, kwa ajili ya kusikiliza.

Walingoja. Kwanza ilikuja fimbo, tok, tok, juu ya simenti. Kisha ukimya wa udongo. Kisha tofali likawekwa juu ya tofali, na pumzi ndefu ikafuata. Tofali lingine. Pumzi. Rebecca alitaka kuita, Monique akamkamata mkono. Kitu kilikwaruza ukuta. Gunia likatingishika, vidole vikatokea juu yake, kisha kitambaa cha kichwa, kisha macho mawili.

Mama na binti wakatazamana.

“Weye unafanya nini kwa Monique?” Mama Léontine aliuliza.

“Na weye unafanya nini juu ya ukuta?”

“Karibu, Mama Léontine,” Monique akasema. “Lakini watu wengine wanapitaka kwa mulango.”

Mama akafungua kinywa kujibu, na hapo tofali moja likahama chini ya mguu wake. Uso ukashuka kidogo, ukapanda. Monique alirukia juu ya kinu chake akampata viganja vyote viwili juu ya gunia.

“Kimbia, Rebecca! Nimemushika, lakini siko na nguvu ya siku mbili!”

Rebecca akakimbia. Alitoka kwa lango la Monique, akafuata barabara, akapita duka la mkaa na kinyozi, akakunja kona, akapandisha, akakunja tena. Njia ilikuwa ndefu. Hakuwahi kujua kwamba ni ndefu hivyo, maana zamani alipita kwenye pengo la matete kwa hatua chache, na tangu ukuta ujengwe hakuwa na sababu ya kukimbilia huku wala kule. Alifika mlango wa chuma akausukuma. Ukakataa. Kadena ilikuwa imefungwa kwa ndani, na ufunguo ulikuwa kwenye shingo ya mama yake, na mama yake alikuwa amening'inia ukutani nyuma ya nyumba.

Alisimama pale viganja vyake viwili juu ya chuma kilichopata joto la jua. Alitazama dirisha: nondo. Dirisha la pili: nondo. Akatazama juu: chupa. Halafu kumbukumbu ikamjia kwa namna ya harufu, harufu ya vitunguu. Mkono wa mama juu ya mdomo wake, yeye akiwa mtoto. Mlango wa mbele wa nyumba ya kijijini ukigongwa. Baba akimpitisha kwenye tundu la nyuma, chumba cha maharage, miguu yake ikikanyaga mbegu zilizomwagika. Hakuna aliyelia. Mkono ule haukuondoka mdomoni mpaka walipofika mtoni.

Alirudi mbio njia ileile. Alipanda juu ya kigoda kando ya Monique, akajivuta, akavuka juu ya gunia, akajirusha chini upande wa pili na kumkumbatia mama yake kiunoni. Matofali yakaporomoka yote. Wote wawili walikuwa wamekaa chini, wanahema, na juu ya ukuta uso wa Monique uliuliza kama kuna aliyekufa.

“Hakuna,” alisema Rebecca.

“Basi narudilia sombe yangu.”

Rebecca akaokota fimbo, akamwekea mama yake mapajani.

“Njo sababu hukuita ile asubuhi,” Rebecca alisema mwishowe. Hakuwa anauliza.

“Ukiita, unaonyesha njia,” mama alisema. “Nilikuwa najaribu. Kama naweza bado. Siku goti iko muzuri, naweza kufika mpaka kifua. Tena kidogo, ningepita.”

“Na chupa?”

“Niliweka gunia.”

“Mama. Ungesema.”

“Kwa Delphin? Alileta simenti yote ile. Alifurahi.” Akaufuta udongo kwenye goti lake, taratibu. “Na muchana mi mwenyewe naona ni upumbavu. Ni ikifika jioni. Nalala, naangalia ile ukuta ya bluu kwenye kulikuwa mulango, nasema: Léontine, wakikuja kwa mbele, utatokea wapi? Nikikosa jibu, usingizi haikuje. Basi nakwenda kuangalia kama nimepata jibu.”

Delphin alifika Jumamosi, lori limeegeshwa barabarani, nafasi ya mama imetayarishwa kando ya dereva, na mto wa kuegemea. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya upole isiyolingana na shingo yake. Alisikiliza yote, akatikisa kichwa.

“Mama, vita haiko Bunia.”

“Kule pia haikukuwako,” alisema Mama Léontine. “Mpaka siku ilikuwako.”

“Na wezi? Nikifungua mulango nyuma, nimefungulia wezi. Utaniambia nini wakikuua juu ya redio?”

“Mwizi anataka redio. Nitamupatia.”

“Rebecca, sema na yeye.”

Rebecca alijua kwamba kaka yake hakuwako siku ile ya vitunguu. Alikuwa bwenini, Bunia, kwa mapadri. Vita vile alisimuliwa, na mtu anayesimuliwa huanza habari pale watu wanapofika, si kwenye tundu walilopitia. Hakuwa na la kumlaumu. Ila hakujua namna ya kumwambia.

Mama ndiye aliyepata namna.

“Delphin, mutoto yangu. Njoo ulale kwa kitanda yangu.”

“Mama?”

“Lala tu. Ulitembea njia ndefu.”

Akalala, na viatu vyake, kwa aibu, kitanda kikilia chini yake. Mama alikaa kwenye kiti mlangoni, fimbo kati ya magoti.

“Mi ni wale watu,” alisema. “Niko kwa mulango ya mbele. Nimekwisha kuvunja. Sasa toka.”

Delphin alicheka. Kisha akageuza kichwa kwenye dirisha. Akaangalia zile nondo, alizozichagua mwenyewe, nene kuliko za jirani yeyote. Akaangalia ukuta wa bluu. Akamwangalia mama yake, mdogo, amekaa na kuziba mlango mzima. Kicheko kilikuwa bado usoni lakini hakikuwa na kazi tena. Alikaa kitako. Mikono ikabaki juu ya mapaja, na kwa mara ya kwanza katika safari zake zote alikuwa ndani ya nyumba ile bila kitu cha kubeba.

“Baba alijua,” alisema.

“Baba yako alipima kwanza mulango. Nyumba ilifuata.”

Bruno aliitwa. Alivunja kazi yake mwenyewe huku akinung'unika kwamba lipu ile ilikuwa imenyooka kama karatasi. Mlango wa Antoine ukarudi, mara hii wa chuma, wenye komeo mbili za ndani zinazofunguka kwa mkono mmoja, bila ufunguo. Delphin alidai komeo ya tatu. Wakabishana mpaka chai ikapoa, akashindwa. Njia ya simenti na bomba la kujishikilia vikaendelezwa kutoka mlango huo mpaka ukutani, na ukutani pakatobolewa mlango mdogo wa kutokea kwa Monique, wenye komeo pande zote mbili, ambazo wajane wote wawili waliapa kuziacha wazi kila jioni.

“Nitajua sasa nani anakula samaki yangu ya sambaza,” Monique alisema.

Mama Léontine aliwataka wote wapite, mmoja mmoja, ili aone. Rebecca alipita. Bruno alipita. Delphin aligonga kipaji cha uso kwenye mhimili wa juu, akarudi nyuma anaona nyota.

“Wakikimbia, watu wanainamaka,” mama yake alimwambia.

Yeye mwenyewe alipita mwisho, mkono kwenye bomba, fimbo ikitangulia, bila haraka, mpaka akafika kwenye kigoda cha Monique akakaa. Alitazama alikotoka kwa muda. Kisha akauliza kama sombe imeiva.

Lori liliondoka kesho yake na mto wa kuegemea ukiwa umekaa peke yake kando ya dereva.

Tangu siku hiyo ameanguka mara moja, mchana kweupe, sebuleni, kwenye zulia zuri ambalo Jemima alimtumia kama zawadi. Wanawake wa Alhamisi walikuwako wakamwinua, na walimcheka kabla ya kumwinua. Zulia limerudishwa Mahagi. Mama Léontine yuko Nyakasanza, katika nyumba yake, chumba cha nyuma.